Kabini ya Bwana Mate

Maji yale yalimwagikia Emilienne begani, yakashuka kifuani, yakaingia mpaka ndani ya viatu. Yalikuwa meusi, ya vuguvugu, yamejaa mavi ya popo, na yalikuja na panya aliyeoza ambaye mkia wake ulinasa kwenye kifungo cha blauzi.

Soko zima la Kasongo liligeuka kutazama. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mwaka 1953. Wauza mawese walikuwa wamepanga chupa zao, wauza samaki wa mto Lualaba walikuwa wakifukuza nzi, na katikati yao alisimama msichana aliyevaa kikwembe kipya cha maua ya njano na blauzi nyeupe aliyoishona mwenyewe, ananuka kuliko samaki wote.

Mbele yake mwanamume mrefu alikuwa ameshika baiskeli. Juu ya baiskeli alikuwa amefunga mlango wa motokari uliojaa kutu. Kwenye tundu la chini la mlango matone yalikuwa bado yanadondoka.

"Mama, unisamehe," alisema yule mwanamume. "Sikujua kama mulikuwa maji ndani."

"Maji?" Emilienne alimshika panya mkia kwa ncha za vidole viwili, akamtupa miguuni pa mwanamume. "Hii unaita maji? Miye naita kaburi!"

"Panya alikuwa mumoja tu, mama."

"Kumbe ulitaka kunimwagia ukoo muzima?"

Watu wakaangua kicheko. Emilienne alitaka kutukana tena, lakini harufu ikampanda puani, akainama pembeni na kutapika chai yote aliyokunywa asubuhi. Yule mwanamume aliacha baiskeli ianguke na mlango wake, akamshika kiwiko.

"Usiniguse! Unaitwa nani, nikutukane kwa jina lako?"

"Faradji. Fundi wa tole."

"Faradji. Jina safi kwa mutu muchafu namna hii."

"Na weye?"

"Siwezi kumupa jina langu mutu anayenuka."

"Sasa tunanuka wawili," alisema Faradji.

Emilienne akajikuta anacheka, na hilo likamuudhi zaidi ya panya.

Kesho yake, watu walipotoka misa, Faradji alifika uani kwa shangazi Véronique akiwa na mche wa sabuni na ndoo. Emilienne alikuwa ameishi kwa shangazi huyo miaka mitatu, tangu mama yake alipomleta kutoka Kabambare ajifunze kushona kwa masista. Sasa alikuwa na cherehani yake ya miguu chini ya baraza, na wake wa makarani walimletea vitambaa. Faradji hakuuliza mengi. Alikunja mikono ya shati, akakifua kile kikwembe mwenyewe, mara tatu, akakisuuza kwa majani ya mchaichai, akakianika.

"Huyu iko Mwislamu?" shangazi alinong'ona kutoka mlangoni.

"Ndiyo, shangazi. Lakini anafua vizuri."

"Hata shetani anaweza kufua."

Faradji alisikia. "Shetani hana sabuni, mama," akajibu, na shangazi akarudi ndani haraka ili asionekane akicheka.

Faradji alikuwa na miaka ishirini na tisa. Nyumba ya baba yake ilikuwa karibu na msikiti, nyumba ya watu wa zamani wa mji. Kazi ya tole, yaani bati, alijifunza jeshini, wakati wa vita vya wazungu, katika karakana ya kambi. Sasa alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: kuifufua motokari moja ya jeshi iliyokuwa imelala miaka sita nyuma ya kambi. Injini ilikuwa nzima. Lakini kabini ilikuwa imefunguliwa na watu wasiojulikana, vipande vyake vikatupwa katika majani marefu, na kila kipande kikawa nyumba ya wadudu. Faradji alivibeba kimoja kimoja kwa baiskeli mpaka karakana yake.

Aliyeinunua ile motokari alikuwa wakala wa pamba, Mzungu mnene mwenye miguu myembamba. Watu walimwita Bwana Mate. Alitafuna tumbaku tangu asubuhi mpaka jioni na kutema popote: kwenye ukuta, kwenye magunia, karibu na miguu ya wazee waliokuja kumsalimia. Mate yake yalikuwa ya rangi ya kahawa na mazito kama ute wa konokono. Wanawake waliobeba pamba walijifunza kutembea mbele yake wakitazama chini.

Bwana Mate alitaka kiti kipya na pazia za turubai. Faradji akamtaja Emilienne.

Siku ya kwanza Emilienne aliingia karakana amefunika pua na kitambaa chake cha kichwa. Hewa ilikuwa ya kutu, lami na grisi iliyochacha. Faradji alimwekea kiti cha zamani juu ya meza, naye akakipasua kwa mkasi. Ndani, katikati ya nywele za farasi zilizooza, kulikuwa na kiota cha panya. Watoto saba, wekundu, bila manyoya, macho yamefumba, walikuwa wakijinyonganyonga juu ya kinyesi cha mama yao.

"Yesu!" Emilienne aliruka nyuma. "Faradji, weye na panya muko ndugu?"

"Hawa walisikia habari yako sokoni, wakakuja kukuposa."

"Waambie nimekataa. Na weye, kama ulikuwa umepanga foleni nyuma yao, nimekataa vilevile."

"Miye nitangoja mpaka foleni ipungue," alisema Faradji, akabeba kile kiota chote kwa mikono yake mitupu na kukitoa nje. Emilienne aliitazama mikono ile, myeusi ya grisi mpaka kwenye mikunjo ya vidole, akasikia kichefuchefu. Akasikia pia kitu kingine, ambacho hakukipenda kwa sababu kilikuja pamoja na kichefuchefu.

Kazi ikaenda wiki tano. Kufunga kabini si kazi ya kukimbilia. Sakafu hutangulia, kisha ukuta unaotenga miguu ya dereva na injini, kisha nguzo za pembeni, mgongo, paa, na milango mwisho. Kila tole ilikuwa imejipinda kivyake. Faradji alipanga matundu mawili yasiyoonana, akapitisha msumari mnene, akaugonga mpaka yakaonana, akatia buloni na nati. Kati ya tole na tole aliweka utepe wa turubai uliolowekwa lami ili bati lisilie barabarani. Mwishoni mwa wiki ya nne mlango wa kulia ulikataa kufunga. Juu palikuwa na nafasi ya kidole, chini pengo la kupitisha ngumi. Alipiga nyundo siku mbili. Shati lake lilinuka mpaka nzi wakalifuata.

"Umeanza kukaza wapi?" Emilienne aliuliza, uzi mdomoni.

"Chini. Kwenye sakafu."

"Ndiyo makosa. Nguo unaikalisha kwanza kwenye mabega. Ukikaza kiuno mbele, mabega yatavutika mpaka unakufa. Legeza yote. Yote, Faradji. Kisha anzia kwenye paa."

Alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akalegeza buloni zote arobaini na mbili, akaanza upya kutoka juu. Jioni mlango ulifunga kwa sauti moja tu, tap, kama kitabu.

"Mamaa!" Faradji aliufungua, akaufunga tena, akaufungua. "Emilienne, nitakuoa leo hii."

"Kaoge kwanza."

Siku zile walikula pamoja mchana, sombe ya majani ya muhogo na bugali alizoleta Emilienne katika bakuli, naye alimlazimisha kunawa mara mbili kwa majivu. Siku moja Emilienne alimwacha Faradji amlishe tonge moja kwa mkono wake. Lilikuwa na ladha ya chuma. Alilimeza hata hivyo.

Ulibaki mlango wa kushoto, uleule wa sokoni. Faradji alikuwa ameuacha wa mwisho. Ulikuwa na kiraka cha bati kikubwa kama kiganja, kilichofungwa kwa riveti. Alikwangua rangi ya juu, ya kijani. Akakwangua ya pili, ya kijivu. Chini yake kikatokea kichwa cha nyati, kimechorwa kwa rangi nyeusi na mkono wa askari fulani. Pembe moja ilionekana. Nyingine ilikuwa imefunikwa na kiraka.

Sindano ya Emilienne ikasimama.

"Kwangua tena," alisema.

"Yatosha, nitapaka..."

"Kwangua tena, Faradji."

Akakwangua. Jicho la nyati likatokea, jekundu.

"Nilikuwa na miaka kumi," alisema Emilienne. Hakuwa akimwangalia. "Walikuja kwetu, Kabambare, juu ya mupira. Serikali ilikuwa inataka mupira wa mitini kwa matairi ya vita. Baba alileta kikapu nusu, alikuwa mugonjwa. Walimufunga pamoja na watu sita, wakawatupa nyuma kama kuni. Motokari ilipita karibu na uso wangu, karibu hivi. Nyati wa pembe moja. Nilifikiri pembe ya pili ilivunjikia ndani ya baba."

"Hakurudi?"

"Hata nguo yake haikurudi."

Faradji alikuwa ameshika kikwanguo.

"Askari walichora nyati kila mahali," alisema. "Labda ilikuwa motokari ingine."

Ulikuwa uongo. Kiraka kile alikitia yeye, akiwa askari wa miaka kumi na tisa, baada ya dereva kugonga mti. Siku tatu baadaye motokari ilikwenda Kabambare. Iliporudi, sajini alimpa ndoo na ufagio na kumwambia asafishe nyuma. Alisafisha tangu saa nne mpaka adhuhuri. Kwa muda wa mwezi mzima baadaye hakuweza kula nyama.

Emilienne alimwamini kwa siku mbili. Alijilazimisha. Alimaliza kiti, kitambaa cha turubai kilichonyooka vizuri, mishono miwili miwili, akakiweka mahali pake ndani ya kabini. Ndipo Bwana Mate alipokuja kukagua.

Alizunguka motokari mara mbili, akigonga tole kwa fimbo. Alifungua na kufunga mlango wa kulia. Alifurahi sana. Alisimama mbele ya mlango wa kushoto ulioegemea ukuta, ambao Faradji alikuwa bado hajaupaka rangi wala kuufunga, akacheka.

"Aa, kiraka yako! Iko nguvu mpaka leo!" Akamgeukia Emilienne. "Weye unajua? Huyu alisema kwangu: Bwana, unipe kazi, miye najua hii motokari. Miye nilitia kiraka wakati ya vita, miye nilisafisha damu yake. Mimi nasema, vizuri, mutu anayejua."

Akatema. Mate yalitua kwenye shavu la nyati, yakateremka polepole juu ya jicho. Bwana Mate aliyapangusa kwa kidole gumba, kisha akapangusa kidole kwenye kiti kipya, juu ya mshono.

"Jumatatu inakwenda Kabambare," alisema. "Iko watu kule wanakataa kulima pamba. Polisi wananiomba hii kamyo."

Akaenda zake. Emilienne alikuwa amesimama mikono imeshikana.

"Damu gani, Faradji?"

"Emilienne, nilitaka kukuambia..."

"Damu gani ulisafisha?"

"Nilikuwa mutoto. Walinipa ndoo."

"Siku mbili! Nilikuambia habari ya baba yangu, ukanitazama usoni, ukasema motokari ingine. Na ulikuwa umeuza ile damu kwa Bwana Mate upate kazi!"

"Nilikuwa nakupenda. Niliogopa."

"Nilikula tonge kutoka kwa ile mikono." Aliitazama mikono ya Faradji, kisha akafunika mdomo. "Nilikula."

Alikimbilia nje, akatapika kwenye majani. Faradji alipomfuata na kikombe cha maji, Emilienne alikipiga kikaanguka. Kesho yake asubuhi alipanda lori la mfanyabiashara wa chumvi lililokuwa likienda Kabambare, na shangazi Véronique akamfungia Faradji mlango usoni.

Jumamosi Faradji alikwenda karakana. Mlango wa kushoto ulikuwa umeegemea ukuta. Bawaba tatu, buloni sita, kazi ya nusu saa. Aliunyanyua mara moja, akauweka. Akakaa chini mbele yake mpaka jua likawa juu. Mate ya Bwana Mate yalikuwa yamekauka kwenye jicho la nyati, na inzi mmoja alikuwa akiyalamba.

Bwana Mate alimkuta hivyo.

"Bado?"

"Sitaifunga, Bwana."

"Weye uko mugonjwa?"

"Hapana. Sitaifunga. Tafuta mutu mwingine."

Kuvunja mkataba wa kazi kulikuwa kosa la kutiwa buloko, jela ya serikali. Alipewa miezi miwili na viboko vinne, mbele ya bendera, asubuhi, suruali imeshushwa. Motokari haikungoja. Fundi mwingine, asiyejua tole, aliufunga mlango kwa waya, na Jumatatu ikaondoka kama ilivyopangwa. Faradji aliisikia ikipita nyuma ya ukuta wa buloko. Alisikia paa, nguzo, sakafu, vyote vimekaa vizuri, hakuna bati lililolia. Kazi yake nzuri. Alijichukia kiasi cha kutaka kujichuna ngozi.

Siku ya nne motokari ilirudi na watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa Célestin, mjomba wake Emilienne, mzee mwenye mguu mbovu. Walilala safu moja na Faradji, na haikuchukua muda kila mmoja akamjua mwenzake ni nani.

"Ndiyo weye fundi wa tole uliyekataa?" aliuliza mjomba Célestin.

"Nilikataa mulango mumoja, mzee. Mingine yote nilifunga."

Wiki iliyofuata Emilienne alikuja na kapu la chakula cha mjomba wake. Alikuwa amevaa kikwembe cheusi na kitambaa cheusi kichwani, na alikuwa amekonda. Wafungwa walikuwa wakipita na kazi ya asubuhi. Wawili walibeba mti mabegani, na kwenye mti lilining'inia pipa la choo limejaa mpaka ukingoni. Wa nyuma, kichwa kimenyolewa, nzi usoni, alikuwa Faradji. Alimwona, akageuza uso.

"Mjomba," alisema Emilienne, "huyu anafanya nini humu?"

Célestin akamweleza.

Walinzi walimruhusu kusema naye kidogo, yeye nje ya seng'enge, Faradji ndani. Alinuka hivi kwamba mlinzi mwenyewe alisogea mbali.

"Usikaribie," alisema Faradji. "Iko harufu."

"Najua. Nina pua." Hakusogea mbele wala nyuma. "Sikuja kukusamehe. Nataka uniambie ulichosafisha. Yote. Usinifichie hata kidogo, maana ukinificha nitajua."

Akamwambia. Alimwambia habari ya damu iliyokauka katika nafasi za mbao, akaichokoa kwa kijiti. Matapishi. Kinyesi, kwa sababu walikuwa wamefungwa siku mbili bila kushushwa. Kipande cha sikio. Alimwambia kwamba watu wanne walikuwa wameshushwa hai na watatu walikuwa bado wamelala mle alipopanda na ndoo, na mmoja wa wale watatu alikuwa bado hajafa.

"Aliomba maji. Kwa Kibangubangu, lakini alionyesha mudomo. Sikuwa na maji mengine. Nilimupa ya ndoo ile niliyokuwa nasafishia. Alikunywa. Kisha akafa."

"Alikuwa mwembamba? Mwenye kovu hapa?"

"Sijui, Emilienne. Uso ulikuwa umevimba. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nakudanganya tena."

Emilienne alishika waya wa seng'enge kwa mikono miwili. Alilia bila kujifuta, kamasi zikamfika mdomoni. Faradji hakuthubutu kunyoosha mkono, na yeye hakuutaka.

"Unanichukiza," alisema mwishowe. "Hata sasa."

"Najua."

"Na nimeshindwa kukuacha. Nilikwenda Kabambare nikufute, nikashindwa. Hilo ndilo linanichukiza zaidi."

Alirudi kukaa kwa shangazi, akaja tena Jumapili. Na Jumapili nyingine. Alileta sombe ya watu wawili.

Siku Faradji alipoachiliwa, shangazi Véronique alimpeleka nyuma ya nyumba, akampa majivu, ndimu na ndoo nne za maji, akamwambia asitokee mpaka atakapoitwa. Alipotokea, Emilienne alimnusa shingoni kama anunuaye samaki.

"Afadhali," alisema.

"Nikuoe sasa?"

"Twende kwanza Kabambare. Yale uliyoniambia kwenye seng'enge umwambie mama yangu, vilevile, bila kupunguza. Akiweza kukaa nyumba moja na weye baada ya hapo, na miye nitaweza."

Walikwenda kwa miguu na baiskeli siku nne, barabara ikiwa matope tu. Siku ya pili motokari iliwapita, imejaa magunia ya pamba, mlango wa kushoto ukitikisika kwenye waya wake. Bwana Mate alikuwa amekaa mbele. Alitema dirishani bila kutazama. Mate yalitua kwenye tairi la baiskeli. Faradji aliyafuta kwa jani, akalitupa jani mbali, wakaendelea.

Mama yake Emilienne alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana ya mkulima. Mjomba Célestin, aliyeachiliwa wiki moja kabla, alikaa karibu naye. Faradji alikataa kigoda, akaketi chini, akasema yote. Alisema habari ya kiraka, ya ufagio, ya sikio, ya ndoo. Alisema pia kwamba alimdanganya binti yake siku mbili. Alipofika kwenye yale maji, mama aliinuka, akatoka nje, nao wakamsikia akitapika nyuma ya jiko, mara nyingi, kama anayetoa kitu cha miaka kumi. Emilienne alitaka kumfuata. Mjomba akamzuia.

Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa. Alisimama juu ya Faradji.

"Baba yako iko hai?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Yuko Kasongo."

"Na ndugu zake?"

"Wako."

"Sasa juu ya nini umekuja peke yako?" Sauti yake ilikuwa kavu, yenye hasira, na Faradji hakuelewa mpaka alipomwona Emilienne amejifunika uso kwa kikwembe, mabega yakitikisika. "Mutu anaposa peke yake kama mwizi? Lala hapa leo, maana njia iko mubaya. Kesho urudi kwenu, ulete wazee."